Sumaku Isiyo na Mbegu

Asubuhi ya siku ya kutetea tasnifu yake, Kitinda alikuwa amebakiza picha moja tu ya kutengeneza, na laiti angeiacha. Slaidi zote zilikuwa tayari. Nguo ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Mama na shangazi walikuwa wamefika tangu jana, na kila mmoja alikuja na kiatu kipya kinachombana. Lakini wapo watu ambao hata kazi ikiisha mikono yao haitulii, na Kitinda ni wa kwanza wao. Alisema, ngoja niongeze picha moja ya mwanzo kabisa, watu waone sumaku ilivyokuwa ndogo kabla haijakua. Akaiagiza kompyuta imchoree.

Picha ikatoka nyeusi ti.

Akadhani amekosea rangi. Akabadilisha rangi. Nyeusi. Akaongeza mwangaza, akavuta karibu, akafuta kioo kwa mkono wa shati kama kwamba tatizo ni vumbi. Nyeusi vilevile. Mwishowe akaitaka kompyuta imwambie kwa namba, na kompyuta, ambayo haina huruma wala haya, ikamjibu: sifuri. Juu sifuri, chini sifuri, kulia na kushoto sifuri.

"Kipara," aliita, na sauti ilimtoka nyembamba. "Njoo uone."

Kipara ndiye aliyekuwa akigawana naye ofisi, meza kwa meza, kwa miaka yote ile. Jina alipewa na wenzake kwa sababu ya nywele nyingi alizonazo, maana watu wa chuo kile hawakujaliwa utani wa maana. Alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, akaangalia, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Mbegu iko wapi?" aliuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

Sasa hapa lazima tusimame kidogo, maana usipojua mbegu ni nini utadhani hawa watu wawili ni wakulima. Kitinda, aliyeitwa hivyo nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, alikuwa anasomea sumaku. Si hizi za kubandika kwenye friji. Sumaku za angani, za ulimwengu ulipokuwa mchanga, kabla hata nyota ya kwanza haijawaka, wakati ambapo hakukuwa na kitu chochote isipokuwa mawingu makubwa ya gesi yakivurugana gizani. Leo ukipima angani unakuta sumaku kila mahali, kati ya nyota na nyota, mpaka huko mbali ambako hakuna hata nyota. Swali ni moja: zilitoka wapi?

Wenye ujuzi wao wanasema hivi. Gesi ile ilikuwa na msukosuko, inapinda, inazunguka, inagongana yenyewe kwa yenyewe. Ikiwa ndani yake kuna usumaku hata kidogo, msukosuko unaukamata, unauvuta, unaukunja, unauvuta tena, na kila ukivutwa unapata nguvu, kama lastiki ya suruali. Mwisho usumaku mdogo unakuwa mkubwa. Lakini kuna sharti, na sharti hilo halina mjomba: msukosuko haumbi sumaku, unaikuza tu iliyopo. Sifuri ukiizidisha mara elfu ni sifuri. Kwa hiyo kila anayeigiza ulimwengu mchanga ndani ya kompyuta anaanza kwa kuweka usumaku kidogo wa kuanzia. Hiyo ndiyo mbegu.

Imetoka wapi hiyo mbegu? Hapo ndipo kila mmoja anapokohoa na kuangalia saa. Wanaiweka tu, halafu wanapita haraka kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Na Kitinda hakuiweka. Alikumbuka sasa, na kukumbuka kwenyewe kulimchoma. Mwaka ule alipokuwa anaanza, alitaka kwanza kuona gesi peke yake inavyokwenda, bila sumaku, akaweka sifuri. Alipanga kurudisha mbegu kesho yake. Kesho yake akarudi kazini, akaona sumaku zinakua vizuri kabisa kwenye kioo, akadhani ameshairudisha. Nani angeshuku? Akaendelea. Akaandika sura ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Tasnifu nzima, iliyofungwa kwa jalada gumu, inaeleza jinsi mbegu ndogo ilivyokua ikawa sumaku kubwa. Na mbegu yenyewe haikuwepo.

"Nimepika chai bila majani," Kitinda alisema, ameshika kichwa.

"Na imekuwa nyeusi," Kipara alimalizia. "Jamani. Imekuwa nyeusi na tamu na sote tumeinywa."

Walitazamana. Kulikuwa na nafasi ya maelezo mawili tu, na moja wote wawili walilijua bila kulitamka. La kwanza, programu ni mbovu: mahali fulani katika hesabu zake inazua sumaku kutoka hewani, na kama inazua sumaku, basi hakuna namba hata moja ndani ya tasnifu ile inayofaa hata kufungia karanga. La pili hawakuwa nalo bado.

Na hii haikuwa siku ya kucheza. Muda wa masomo wa Kitinda ulishaongezwa mara moja, na kanuni za chuo zilisema hauongezwi mara mbili. Akikataliwa leo anarudi nyumbani mikono mitupu, na miaka yake yote inakuwa hadithi ya kuchekesha wageni.

Kipara alikwenda kufunga mlango. Alirudi akizungumza kwa sauti ya chini, kama wamepanga kuiba.

"Sikiliza, Kitinda. Nani mwingine anajua? Mimi na wewe. Hiyo picha usiiweke. Nenda, tetea, wakupigie makofi, mengine tutayarekebisha baadaye. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na yule mgeni?"

Mgeni aliyesemwa hapo ni mtahini wa nje, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyesafiri siku nzima kuja kumhoji Kitinda. Kila mtu katika fani ile alimwogopa kwa swali moja. Ungetoa mada ya saa nzima, na grafu zako na rangi zako, yeye angesubiri umalize, avue miwani, aulize kwa upole: "Na mbegu umeitoa wapi?" Watu wazima wenye ndevu walishababaika mbele ya swali hilo.

"Akiniuliza nitamjibu nini?" Kitinda alisema. "Nimdanganye usoni? Niseme niliiweka mimi, ya ukubwa fulani, wakati najua ni sifuri? Siwezi, Kipara. Si kwamba mimi ni malaika. Nitatetemeka mpaka meza itasikika."

Wakati huo mlango ukagongwa, na bila kusubiri jibu ukafunguka. Alikuwa shangazi, kajaa mlango mzima, na nyuma yake mama anachungulia.

"Tumekuja kuona ofisi," shangazi alitangaza. "Ndiyo hii? Ndogo! Mimi stoo yangu ya kuni kubwa kuliko hii. Wewe kijana mwenye nywele, hujambo? Mbona mnaonekana kama mmefiwa?"

"Shikamoo shangazi," Kipara alisema.

"Marahaba. Nimeuliza mmefiwa na nani."

Mama hakuuliza. Alimwangalia binti yake mara moja tu, akavuta kiti, akakaa, akavua viatu vyake vipya vilivyokuwa vinamuua. Mama yule alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na kwa sumaku alijua ile anayookotea pini sakafuni, basi. Lakini uso wa mtoto wake aliusoma bila miwani.

"Kimeharibika nini?" alisema.

Kitinda akaeleza. Alieleza chai na majani, akaeleza miaka, akaeleza sura sita, na alipofika kwenye kuongezewa muda machozi yakamtoka. Shangazi alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Sasa mimi sielewi," shangazi alisema. "Ulitaka sumaku. Sumaku imepatikana. Unalia nini? Wenzako wanatafuta kitu wanakosa wanalia, wewe umepata unalia!"

"Sijui imetoka wapi, shangazi!"

"Kwani mumeo wa kwanza tulijua ametoka wapi? Si alikuja tu?"

"Shangazi, jamani!"

Kipara alicheka kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu. Mama naye alicheka, akijifunika mdomo kwa kanga. Kisha, katikati ya kicheko, Kipara akageuka ghafla kwenye meza yake. Akaanza kupekua sehemu yake ya programu, mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza.

"Kitinda," alisema bila kugeuka. "Utaniua."

"Umefanya nini?"

"Ile betri."

Alaa! Hapo Kitinda alisimama wima. Programu ile waliiandika pamoja, nusu yake na nusu ya Kipara, kama watu wawili wanaofua katika beseni moja. Miaka hiyo ya mwanzo Kipara aliongeza kipande kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Alikiita betri. Kinahusu jambo dogo linalotokea katika gesi yenye joto: ndani yake kuna elektroni, ambazo ni nyepesi, na kuna viini, ambavyo ni vizito. Gesi ikiwa inasukwasukwa, joto likawa linaelemea upande huu na msongamano upande ule, basi elektroni zinasukumwa zinatangulia, vile vizito vinabaki nyuma. Zikitangulia tu, umeme unatembea. Umeme ukitembea, usumaku unazaliwa. Kidogo sana, kidogo cha kuchekesha, lakini si sifuri.

"Uliniambia umeizima," Kitinda alisema.

"Nilisema nitaizima."

"Kipara!"

"Nilidhani ni ndogo mno haiwezi kudhuru! Nikasahau!"

Wengine wangerushiana vikombe. Kitinda alimshika Kipara mabega akamtikisa, na shangazi, ambaye hakuelewa ila aliona ni wakati wa kusaidia, alisogeza kikombe cha chai pembeni kisimwagike. Maana sasa waliona maelezo ya pili. Huenda programu ni nzima. Huenda sumaku haikuzuliwa na kosa la hesabu. Huenda ilizaliwa humohumo ndani ya msukosuko, kwa betri ile, na msukosuko wenyewe ukaichukua ukailea mpaka ikakua. Miaka yote walikuwa wanaangalia mbegu ikijitengeneza mbele ya macho yao na hawakujua.

Huenda. Na huenda haijengi nyumba. Namna ya kujua ilikuwa moja: endesha ulimwengu mdogo mara mbili, bila mbegu yoyote, mmoja betri imewashwa, mwingine betri imezimwa. Ule wa betri ukizaa sumaku, na usio na betri ukabaki sifuri mpaka mwisho, Kitinda amepona. Usio na betri ukizaa hata chembe, programu imeoza, na Kitinda ameoza nayo.

"Itachukua muda gani?" mama aliuliza.

"Ikianza sasa hivi," Kipara alisema, vidole vyake vimeshaanza kukimbia, "inaweza kumaliza wakati wa maswali. Kama kompyuta kuu haina foleni."

Profesa walimkuta kwenye korido, akitoka kumpokea mgeni. Alikuwa msimamizi wa Kitinda, mzee mrefu mpole mwenye mazoea ya kubeba njugu mfukoni na kutafuna wakati anafikiri. Kitinda alimweleza yote wakiwa wamesimama karibu na ubao wa matangazo. Alimaliza kusema, Profesa akawa bado hajatafuna njugu aliyoiweka mdomoni.

"Mimi nimeisoma hiyo tasnifu mara tatu," alisema mwishowe. "Sikuona."

"Samahani, Profesa."

"Samahani ya nini, na mimi je?" Akatafuna. "Unataka tuahirishe?"

"Kuahirisha si ni kuongeza muda?"

"Ni kuongeza muda," Profesa alikiri, na uso ulimwanguka. "Basi utafanyaje?"

Kitinda alipiga moyo konde. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa sana. Lakini alishaamua kule ofisini bila hata kujua ameamua.

"Nitasema mwenyewe kabla hawajaniuliza. Mficha uchi hazai."

"Haya," Profesa alisema, akamgawia njugu. "Kula. Usiingie na tumbo tupu."

Ukumbi haukuwa mkubwa. Viti vya mbao vya kukunja, feni moja inayozunguka na moja inayojifikiria, pazia lisilofunga vizuri likiacha mstari wa jua katikati ya skrini. Watahini watatu walikaa mbele, yule mgeni katikati, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Mama na shangazi walikaa safu ya pili, mama miguu peku chini ya kiti. Kipara alikaa pembeni karibu na mlango, kompyuta mapajani.

Kitinda alianza. Alieleza mawingu na msukosuko, akaonyesha picha zake, na picha zilikuwa nzuri, lazima nikiri, nyuzi za sumaku zikijipinda na kujisuka kama nywele za mtu aliyeamka. Watu waliguna kwa kuridhika. Alipofika katikati, mahali ambapo slaidi ilisema "Mbegu", alisimama.

"Wakuu wangu," alisema, "katika tasnifu mliyoisoma nimeandika kwamba niliweka mbegu. Leo asubuhi nimegundua sikuiweka. Mwanzo wa kazi yangu yote ni sifuri."

Mtahini wa kushoto alifungua tasnifu, akaifunga. Wa kulia alimwangalia Profesa, na Profesa aliangalia feni. Mgeni hakusogea. Alivaa miwani taratibu, na hilo liliwashangaza wote, maana kwa kawaida aliivua.

"Endelea," mgeni alisema.

Akaendelea. Akaeleza betri, akaeleza kuwa yeye na mwenzake walisahau kuizima, hakumtupia Kipara lawama wala hakujikosha. Akaeleza majaribio mawili madogo. "Yanaendelea sasa hivi tunapozungumza," alisema. "Sijui majibu. Nikipata jibu baya, nitakuwa wa kwanza kuwaambia."

"Usituambie," mgeni alisema. "Tuonyeshe. Ungeni hiyo kompyuta kwenye skrini."

Kipara alikimbia na waya, akajikwaa, akaunga. Kwenye skrini, juu ya ule mstari wa jua, zikatokea safu mbili za namba. Kushoto, ulimwengu wenye betri. Kulia, usio na betri. Kila baada ya muda mfupi mstari mpya uliongezeka chini, na namba ilikuwa nguvu ya sumaku kwa wakati ule. Kwa kushoto ilianza sifuri, kisha ikawa kitu kidogo mno, sifuri nyingi halafu tarakimu moja mwishoni, kisha ikakua kidogo, kisha ikakua tena. Kulia hapakuwa na kitu kabisa. Si sifuri. Tupu. Neno moja tu: inasubiri.

"Inasubiri nini?" mgeni aliuliza.

Kipara akasogelea skrini na uso ukasawijika. "Foleni," alisema. "Wenzetu wa hali ya hewa wamejaza kompyuta. Hii moja imeingia, hii ya pili imekwama nje."

"Nchi nzima inajua kesho kutanyesha!" Profesa alilipuka, mtu ambaye hajawahi kulipuka. "Wanapima nini tena!"

Kipara alishatoka. Alisikika akikimbia kwenye korido, viatu vikipiga, kisha ngazi, kisha kimya. Baadaye alisimulia kwamba alimkuta msimamizi wa mitambo anakula, akampigia magoti, kweli magoti, mpaka yule bwana akaona aibu akasukuma kazi yao mbele. Huku ukumbini hakuna aliyejua hayo. Watahini waliuliza maswali mengine, na Kitinda alijibu, na alijibu vizuri, lakini macho yake hayakutoka kwenye lile neno. Namba za kushoto zilikuwa zinapanda kila mstari, nzuri, za kupendeza, na hazikumsaidia chochote. Sumaku kupatikana halikuwa tatizo tangu mwanzo. Alihitaji kuona sumaku ikikosekana.

Neno likafutika. Safu ya kulia ikaandika: sifuri.

Kisha sifuri. Kisha sifuri. Kipara aliingia anahema, kola imegeuka, akajibanza ukutani.

"Kwenye jaribio kubwa," mgeni aliuliza, "sumaku ilianza kuruka wapi?"

"Ikifika kama mstari wa arobaini," Kitinda alisema. "Hapo msukosuko ndipo unapokomaa. Kama programu ina ugonjwa, utaonekana hapo."

Basi wote wakasubiri mstari wa arobaini. Sijawahi kusikia watu wazima wakiangalia sifuri kwa roho mkononi namna ile. Mtahini wa kushoto alikuwa anahesabu kwa kidole. Profesa alikuwa na njugu mkononi amesahau kuila. Safu ya kushoto ilishafika arobaini zamani, ikawa inapaa kama imefukuzwa, kila namba mara mbili ya iliyotangulia. Ya kulia ilijivuta. Sifuri. Sifuri. Thelathini na kitu. Sifuri.

Shangazi alishindwa kuvumilia. Alimwinamia mama, na mnong'ono wa shangazi ni wa kusikika mpaka barabarani. "Mbona upande huu hakuna kitu?"

Arobaini ikapita. Arobaini na moja. Sifuri. Hamsini. Sifuri. Mgeni alisimama kabisa, akaisogelea skrini, kivuli cha kichwa chake kikafunika nusu ya namba, akasoma kwa karibu kama mtu anayetafuta mdudu kwenye mchele. Sitini. Sifuri tupu, mpaka chembe ya mwisho.

"Hakuna kitu, shangazi!" Kitinda alipiga kelele. Alishasahau yuko wapi. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. "Hakuna kitu! Hakuna kitu kabisa!"

Shangazi hakungoja tafsiri. Aliinuka akaachia vigelegele vilivyofanya hata ile feni iliyokuwa inajifikiria ianze kuzunguka. Kipara aliruka. Mtahini wa kulia alipiga makofi kisha akaona aibu akajifanya anafuta mikono. Mama alisimama peku, anaangalia safu ya sifuri na kuangalia watu wanaoishangilia, akapiga makofi naye, kwa sababu mwanawe anacheka.

Mgeni aligeuka. Alisubiri vigelegele viishe, na ilichukua muda.

"Miaka yangu yote," alisema, "nimekuwa nikiwauliza watu mbegu wameitoa wapi. Wananijibu, tumeiweka. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hukuiweka." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Sura ya pili utaiandika upya, yote. Betri itakuwa na sura yake, na huyu kijana anayehema jina lake liwekwe, kwa wema na kwa ubaya wake. Majaribio makubwa utayarudia, na ukumbuke kuangalia swichi zako. Lakini mimi kukukataa siwezi. Wenzangu?"

Wenzake hawakuweza pia. Walimpa mikono mmoja mmoja. Profesa alimshika Kitinda kiwiko, akimwambia pole na hongera kwa zamu, hajui ashike lipi.

Walitoka nje wakakaa kwenye ngazi za jengo, juani. Kipara alikwenda kumwomba msimamizi wa mitambo radhi kwa kumharibia chakula. Shangazi alikuwa akimsimulia mlinzi wa getini habari yote, na katika masimulizi yake yeye ndiye aliyegundua betri. Mama alikuwa na viatu mkononi.

"Hebu nielewe," alisema. "Yaani mwanzo kabisa, kabla ya nyota, hakukuwa na hiyo sumaku."

"Hakukuwa nayo, mama."

"Na hakuna aliyeileta."

"Hakuna. Kulikuwa na vurugu tu. Joto huku, msongamano kule, hiki kinasukuma kile, hakuna kilichotulia mahali pake. Humohumo ndimo ikazaliwa, na vurugu yenyewe ikaikuza."

Mama akatingisha kichwa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ngazi.

"Watoto saba, vyumba viwili," alisema. "Na miaka yote ile mimi kazi yangu kuwafokea mtulie!"